NANI AMETIA MKONO NDANI YA RUNDO? Historia ya wahakiki wa gemu na namna ya kuwapima



Ndugu yangu, wiki iliyopita baada ya Swala ya 'Ishaa kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti, viatu mkononi, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Ana chaneli ndogo ya video ambayo ndani yake anaelezea gemu: hii nzuri, hii mbovu, hii usipoteze pesa yako. Wafuasi wameanza kuongezeka. Sasa kuna kampuni imemtumia ujumbe kwamba itampa gemu yake mpya bure, na posho juu yake, kwa sharti kwamba aizungumzie vizuri. "Ustadh, nikipokea kuna tatizo? Mbona wakubwa wote wanafanya hivyo?"

Sikumjibu pale pale. Nilimwambia anipe siku chache nisome. Nimesoma, na niliyoyakuta nimeona nikuandikie na wewe, kwa sababu kama hutengenezi video kama yeye, basi unazitazama, au mwanao anazitazama kisha anakuja kukuomba hela.

Hukumu ya kucheza gemu sitaiingia leo. Ina darsa lake, na ndani yake kuna gemu na gemu. Leo nazungumzia habari na anayeileta. Suuratul Hujuraat, aya ya 6, imetuagiza tuichunguze habari anapotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kisha tukajuta. Aya hiyo tunaisoma sana kwenye mambo ya fitna na uvumi. Sokoni tunaisahau.

Twende nyuma kidogo. Mwaka 1981 Marekani ilipata jarida la Electronic Games, na mwaka huo huo Uingereza ikapata Computer and Video Games. Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa na picha ya kwenye boksi na maneno ya muuzaji tu. Na hata majarida yalipokuja, uhakiki ulichukua wiki nyingi kuandikwa, kuchapwa na kufika dukani. Kwa hiyo mwisho wa mwaka 1982 kampuni ya Atari ilipotoa gemu ya filamu ya E.T., wazazi walinunua kwa jina la filamu. Hawakujua kwamba aliyeiunda, Howard Scott Warshaw, alipewa takriban wiki tano tu kuikamilisha ili iwahi msimu wa zawadi. Watoto wakafungua boksi, wakakuta mchezo unaochosha, unatumbukia mashimoni kila hatua. Gemu zikarudishwa madukani kwa wingi. Mwaka uliofuata Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, na biashara nzima ya gemu Marekani ikaanguka nayo. Sababu zilikuwa nyingi, si gemu moja. Lakini kaseti zilizobaki zilipelekwa kufukiwa jalalani huko Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 watu walichimba wakazikuta, E.T. ikiwa miongoni mwake. Soko ambalo mnunuzi hana mtu wa kumwambia ukweli huishia jalalani, mali na sifa yake pamoja.

Baada ya hapo kila mtu alijua kwamba mnunuzi anahitaji mtu wa kumshauri. Na hapo ndipo ilipoanza hadithi ninayotaka uijue, kwa sababu mshauri naye anakula, na chakula chake kinatoka mahali fulani.

Nintendo walipoingia Marekani walikuwa na jawabu lao. Mwaka 1988 walianzisha jarida lao wenyewe, Nintendo Power, likadumu hadi 2012. Mtengenezaji wa gemu ndiye mwenye jarida, na ndani ya jarida gemu zake zinapewa alama. Sisemi kila kilichoandikwa mle kilikuwa uongo. Watoto wengi walilipenda na liliwasaidia kuvuka sehemu ngumu za gemu zao. Nasema tu kwamba wanazuoni wetu wa hadithi wasingelisoma kama ushahidi. Imamu 'Aliy bin Al-Madiniy wa Basra, mwalimu wa Bukhaariy, aliulizwa kuhusu mpokezi ambaye ni baba yake mzazi. Akawaambia wamuulize mtu mwingine. Waliporudia swali, aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba hii ni dini, na baba yake ni dhaifu katika upokezi. Baba yake mzazi! Sasa wewe unategemea kampuni iseme gemu yake ni dhaifu?

Wajapani walikuwa na njia iliyonipendeza zaidi. Jarida la Famitsu, lililoanza 1986, liliwapa watu wanne gemu moja. Kila mmoja anatoa alama yake juu ya 10, na zote zinachapwa pamoja, jumla 40. Msomaji anaona kama wanne wamekubaliana au mmoja amepinga, na anajua nani kasema nini. Miaka 12 ilipita kabla gemu yoyote haijapata 40 kamili. Ya kwanza ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Na Uingereza kulikuwa na jarida la kompyuta za Amiga, Amiga Power, lililodumu kati ya 1991 na 1996, ambalo lilikuwa na msimamo mmoja mgumu: gemu ya kawaida inapata asilimia 50, si 70 wala 75. Wenye gemu walikasirika. Lakini fikiri, ndugu yangu: mizani ambayo kila kitu kikiwekwa kinapanda juu ya 70 inapima nini? Ni kama mwalimu anayempa kila mwanafunzi alama ya kufaulu. Huwezi kujua nani kasoma.

Kisha ikaja intaneti, na mambo yakabadilika kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kwamba alama za wahakiki wengi zilianza kukusanywa na kufanywa namba moja. Tovuti ya Metacritic ilianza 2001. Inachukua uhakiki wa sehemu mbalimbali, inazipa baadhi uzito zaidi ya nyingine bila kutangaza uzito wenyewe ni kiasi gani, kisha inakuletea namba. Mwaka 2010 ilitoka gemu ya Fallout: New Vegas, iliyoundwa na studio ya Obsidian. Mmoja wa viongozi wa studio, Chris Avellone, alikuja kueleza hadharani mwaka 2012 kwamba walikuwa wameahidiwa bonasi kama gemu ingefika 85 kwenye Metacritic. Ilipata 84. Pointi moja! Jasho la watu limepimwa kwa wastani wa maoni ya watu ambao hawakujua kwamba wanashika mkate wa mwenzao. Nataja hili kwa sababu tunapozungumzia uhakiki wa uongo tunamfikiria mnunuzi peke yake. Namba ina watu pande zote mbili.

Ya pili ni matangazo. Gazeti la kulipia linakula kwa msomaji. Tovuti ya bure inakula kwa mtangazaji, na mtangazaji mkubwa wa tovuti ya gemu ni nani? Ni huyo huyo mwenye gemu.

Mwisho wa Novemba 2007, katika tovuti ya GameSpot ya Marekani, mhakiki Jeff Gerstmann aliyekuwa hapo zaidi ya miaka 10 alifukuzwa kazi. Muda mfupi kabla alikuwa ameipa gemu ya Kane & Lynch alama 6 juu ya 10, wakati kurasa za tovuti hiyo hiyo zikiwa zimepakwa matangazo ya Kane & Lynch. Wasomaji wakaunganisha mambo mawili. Tovuti ilikanusha kwamba shinikizo la mtangazaji ndilo sababu. Yeye mwenyewe alifungwa na makubaliano asiseme. Wenzake kadhaa waliondoka baada yake, na mwaka 2008 akafungua tovuti nyingine na mwenzake. Mwaka 2012, makubaliano yale yalipoondolewa, alieleza mbele ya kamera kwamba uongozi wa wakati ule ulikuwa unasukumwa na watangazaji kwa sababu ya alama, na kwamba ile ya Kane & Lynch haikuwa ya kwanza kuleta maneno.

Nilipofika hapa nilisimama kidogo. Unajua kwa nini? Mtu huyu si Muislamu kwa ninavyojua, hana aya ya Hujuraat wala hana hofu ya kuulizwa kaburini kuhusu alama ya gemu. Alitoa 6 kwa sababu aliona 6, kisha kazi ikamtoka. Na sisi tunaopewa ushahidi kama amana, tunauza neno letu kwa kifurushi cha data.

Baada ya miaka hiyo, vijana wengi walisema: basi, tovuti zimenunuliwa, tuwafuate watu wa kawaida wenye chaneli zao. Mtu kama mimi, anakaa chumbani kwake, anacheza, anasema. Nia ilikuwa nzuri. Lakini fedha nayo ikahama na watu. Mwaka 2014 Warner Bros. walitoa gemu ya Shadow of Mordor. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilikuja kueleza 2016 kwamba watengeneza video walilipwa, wengine mamia ya dola, wengine makumi ya maelfu, na mikataba iliwataka waizungumzie gemu kwa uzuri na wasioneshe kasoro zake. Miongoni mwao alikuwemo PewDiePie, mwenye wafuasi kuliko wote YouTube wakati huo. Taarifa ya malipo? Wengi waliambiwa waiweke chini ya video, mahali ambapo hutaiona mpaka ubonyeze kufungua maelezo. Mwaka mmoja kabla, FTC hiyo hiyo ilishughulikia suala la mtandao wa Machinima, ambapo watu wawili walilipwa dola 15,000 na dola 30,000 kusifia mashine ya Xbox One na gemu zake bila watazamaji kuambiwa.

Katika fiqhi ya biashara hili lina jina, nalo lina umri wa miaka zaidi ya 1,400. Linaitwa najshi. Mtu anasimama sokoni anapandisha bei ya bidhaa ambayo hana nia ya kuinunua, ili mnunuzi wa kweli adhani ina thamani. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameikataza. Zamani mtu wa najshi alikuwa na sauti tu. Leo ana taa na kamera.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kijana wangu huyu kilimpata yeye mwenyewe, maana ndipo nilipojifunza zaidi.

CD Projekt ni kampuni ya Poland. Mwaka 2015 walitoa gemu iliyosifiwa dunia nzima, na sifa ile ikawa mtaji. Walipotangaza Cyberpunk 2077, watu zaidi ya milioni 8 waliinunua kabla haijatoka. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Siku tatu kabla, uhakiki wa kwanza ulianza kutangazwa, na wastani wa alama za toleo la kompyuta ulikuwa karibu na 90 juu ya 100. Kijana wetu alikuwa na PS4 iliyotumika na dola 60 alizozikusanya kwa miezi, ambazo kwa pesa yetu ya wakati ule zilikaribia shilingi laki moja na elfu arobaini. Akaona 9, akaona 10, akalipa.

Gemu ilikuwa inaganda. Inajizima katikati. Watu wa barabarani hawana sura mpaka uwafikie, magari yanatokea ghafla kutoka hewani. Ananiambia aliiwasha na kuizima mara nyingi kwa siku mbili akidhani mashine yake ndiyo mbovu.

Wahakiki waliotoa 9 walidanganya? Hapana, ndugu yangu, na hapa nataka uwe makini. Kampuni iliwapa toleo la kompyuta peke yake. Toleo la PS4 na Xbox One hawakupewa. Na kwenye video zao za kwanza hawakuruhusiwa kuonesha picha walizozirekodi wenyewe, ilibidi watumie zilizotayarishwa na kampuni. Wengi waliandika hayo waziwazi ndani ya maelezo yao. Lakini nani anasoma maelezo? Namba ilitoka peke yake ikatembea dunia nzima, na sharti lake likabaki nyuma ndani ya aya ya kumi na mbili. Toleo la PS4 lilipokuja kupimwa, wastani wake ulianguka chini ya 60. Kampuni ikaomba radhi ndani ya siku chache, na kabla wiki mbili hazijaisha kampuni ya Sony ikaiondoa gemu kwenye duka lake la mtandaoni na kurudisha fedha kwa waliotaka. Ilirejeshwa Juni 2021. Baadaye waliitengeneza sana, na leo wapo wanaoisifu kwa haki. Kijana wetu alikuwa ameshaiuza diski yake kwa nusu bei.

Unakumbuka hadithi ya rundo la chakula? Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka. Juu lilikuwa kavu, linapendeza. Akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye nalo ni nini hiki. Yule akasema limenyeshewa na mvua. Akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema kwamba anayeghushi si katika sisi. Ameipokea Abu Hurayrah, nayo imo katika Sahihi ya Muslim.

Tazama vizuri. Nafaka ya juu ilikuwa kavu kweli. Aliyeitazama kwa macho na kusema "kavu" hakusema uongo, alisema alichoona. Kilichokosekana ni mkono ndani. Toleo la kompyuta lilikuwa nafaka ya juu, la PS4 lilikuwa ya chini, na wahakiki walioneshwa juu tu. Kwa hiyo mtu anapokuambia gemu, simu au gari ni zuri, kabla hujauliza alama, uliza mkono wake ulifika wapi. Alitumia toleo lile lile utakalonunua wewe? Alilitoa wapi? Picha ni zake? Alikaa nalo muda gani?

Hili la muda lina mizani ya kuonekana kwa macho. Duka la Steam la gemu za kompyuta linaandika kando ya maoni ya kila mnunuzi saa alizocheza. Utakuta mtu kasifia kwa kelele, saa alizocheza ni sifuri nukta tatu. Muhaddithina walikuwa wakiuliza kwanza kama mpokezi alikutana kweli na anayempokea. Saa zile ndizo makutano yenyewe. Tangu Septemba 2016 duka hilo pia liliacha kuhesabu katika alama za jumla maoni ya waliopata gemu nje ya duka lake, zikiwemo zile za kupewa bure, kwa sababu wapo waliokuwa wakizigawa ili kununua sifa. Na uongo huenda pande zote. Juni 2020 ilitoka The Last of Us Part II, gemu ya zaidi ya saa 20. Siku ile ile ilimwagiwa maelfu ya sifuri na watu ambao haiwezekani walikuwa wameimaliza. Walikuwa na hasira na kisa chake. Mwezi uliofuata Metacritic ikaweka sharti la kusubiri saa 36 kabla mtu wa kawaida hajatoa alama. Hasira si uhakiki.

Utaniuliza: Ustadh, nitamjuaje mkweli mimi nisiye na muda? Nikupe kisa kimoja, nakipenda sana.

Yahya bin Ma'iyn na Imamu Ahmad bin Hanbal walikuwa wanarudi kutoka Yemen kumsikiliza 'Abdur-Razzaaq, pamoja na kijana aliyekuwa akiwahudumia. Walipofika Kufa, Yahya akasema anataka kumjaribu Abu Nu'aym. Imamu Ahmad akamkataza, akamwambia yule mtu ni mwaminifu. Yahya hakusikia. Akaandika hadithi 30 za Abu Nu'aym, na baada ya kila kumi akachomeka moja isiyo yake. Wakaenda, mzee akakaa juu ya kibaraza chake, wakaanza kumsomea. Kumi za kwanza kimya. Ya kumi na moja akasema hii si yangu, ifute. Kumi nyingine kimya, iliyofuata akaikataa tena. Ilipofika ya tatu uso ukabadilika. Akamtazama Ahmad, akasema huyu ana uchamungu mno hawezi kufanya haya. Akamtazama yule kijana, akasema huyu ni mdogo mno. Kisha akamgeukia Yahya, akampiga teke akaanguka chini, akainuka akaingia ndani. Ahmad akamwambia, sikukukataza? Yahya akajibu kwamba teke lile ni bora kwake kuliko safari yake yote.

Njia yake unaiweza hata wewe mwenye muda mfupi. Usianze na gemu usiyoijua. Chukua gemu tatu ulizozicheza mpaka mwisho, unazozijua kama mfuko wako, moja iwe mbovu. Tafuta mhakiki yule unayetaka kumfuata alisema nini juu yake siku zilipotoka. Aliiona kasoro uliyoiona? Aliitaja? Kama hajawahi katika maisha yake kuona gemu mbovu, basi huyo hatazami, anauza. Kama kuna alipokosea, je, alirudi akasahihisha? Ukishampata mmoja au wawili, kaa nao hata kama ladha zenu zinatofautiana. Mtu asiyependa magari ila anakueleza kwa nini hapendi ana faida kwako kuliko mpenda magari anayekupigia makofi tu. Na usilipe kabla haijatoka. Gemu ya kompyuta haiishi dukani kama mchele.

Kijana wetu nilimjibu Alhamisi. Nilimwambia kupokea gemu ili aipime si haramu kwa sababu ya kupokea peke yake. Lakini sharti la kusifu limeigeuza kuwa kununua ushahidi, na hilo asilipokee hata wakiongeza posho. Kama wakiondoa sharti, aseme kwa mdomo wake, mwanzo wa video na si chini ya maelezo, kwamba gemu amepewa na nani, na amecheza toleo la mashine gani.

Akawaandikia hivyo hivyo, mbele yangu, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Mpaka naandika haya hawajamjibu.

Wabillaahi tawfiyq.